Kutuza na Kutunza: Mwimbaji Mwenye Taabu Katika Historia Yetu

Wahenga walisema, "Mcheza kwao hutuzwa." Wako wasemao hutuzwa na wako wasemao hutunzwa, wala katika mazungumzo ya kila siku hapana agombanaye kwa ajili ya herufi moja. Hata hivyo maneno hayo hayalingani. Kutuza ni kumpa mchezaji zawadi kwa uhodari wake, papo hapo uwanjani, mbele ya macho ya watu. Kutunza kwaweza kutumika kwa maana hiyo, lakini kuna maana nyingine iliyo pana zaidi, nayo ni kukihifadhi kitu kisipotee wala kisiharibike, kipate kuonwa na wale watakaozaliwa baadaye. Shabaha ya makala haya ni kuonyesha ya kuwa tofauti hiyo, ijapokuwa ndogo masikioni, yaweza kutusaidia kulijibu swali ambalo limewagawanya watu wengi.

Swali lenyewe ni hili. Tangu filamu za hali halisi zilipoanza kuwa jambo la kawaida, maisha ya wanamuziki yamekuwa miongoni mwa mambo yanayotafutwa sana na watengenezaji wake. Na mara nyingi maisha yanayotafutwa si yale yaliyotulia, bali yale yaliyojaa ufukara, ulevi, ugomvi, au hata kifungo. Je, mwimbaji wa namna hiyo astahili kufanyiwa filamu na kuenziwa na umma? Wako wajibuo kwamba sanaa ni sanaa: mtu na atazamwe kwa wimbo wake, na maisha yake yaachiwe Mungu na jamaa zake. Wako wengine wajibuo kwamba filamu ni heshima, na heshima akipewa mtu mbaya vijana watajifunza ubaya. Majibu hayo yaonekana kama maadui, lakini kwa hakika ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa yote mawili yamekubaliana, pasipo kuhojiana, ya kuwa filamu ni tuzo. Mimi naona kwamba hapo ndipo kosa lilipo.

Ili jambo hili lionekane vizuri yafaa tulitazame kutoka mahali palipo mbali na studio na majukwaa makubwa. Mbebe ni kata katika Wilaya ya Ileje, Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Wandali na Walambya ni miongoni mwa wenyeji wa wilaya hiyo. Mto Songwe ndio mpaka wake na Malawi. Na Tunduma, mlango wa nchi yetu kwenda Zambia, umo katika mkoa huo huo. Nimeichagua Mbebe si kwa kuwa ina historia kubwa ya santuri, bali kwa kuwa haina. Kwa sababu hiyo mtu wa Mbebe, kama watu wa vijiji vyetu vingi, amejuana na waimbaji wa namna mbili zilizo tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo tunayoihitaji.

Mwimbaji wa kwanza ni yule wa ngoma ya kijijini. Huyu hana siri. Jirani yake ajua kama hulipa deni au hukwepa, kama humtendea mkewe wema au humpiga, kama hulima shamba lake au huliachia magugu. Usiku wa ngoma jirani huyo humwendea uwanjani akamtuza kwa furaha, na asubuhi aweza kwenda kumshitaki kwa wazee kwa mbuzi aliyekula mahindi, wala haoni ya kuwa amejipinga nafsi yake. Sifa aliyompa ni ya sauti na miguu. Shitaka lake ni la mbuzi. Mambo mawili hayo hukaa pamoja bila taabu, kwa sababu watu wanaotuza ndio wale wale wanaojua. Naam, hiyo ndiyo maana ya neno "kwao" katika methali yetu. Mcheza kwao hutuzwa na watu wamjuao.

Mwimbaji wa pili ni sauti isiyo na mwili. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na kwa miaka mingi baada ya uhuru, mpaka mwanzo wa miaka ya 1990, redio ya serikali ndiyo iliyokuwa karibu redio pekee ya Tanzania Bara. Nyimbo zilipanda milima ya Ileje bila ya waimbaji wake. Msikilizaji alimjua Mbaraka Mwinshehe kwa gitaa lake, na kifo cha mwanamuziki huyo katika ajali ya gari huko Kenya, Januari 1979, kilihuzunisha watu ambao hawakupata kumwona hata siku moja. Huko ni kutuza kwa namna mpya: kutuza bila kujua. Moyo uliozoea kumpenda mwimbaji kwa jinsi hiyo, utakapoletewa habari mbaya zake, utafanya moja katika mambo mawili: utazikataa habari, au utautupa wimbo. Jirani wa ngoma hakulazimika kufanya hata moja.

Basi kazi ya filamu, au kitabu, au maandishi yoyote ya historia ya mwimbaji, ni kumrudishia msikilizaji wa mbali ule ujirani alioukosa. Kazi hiyo haikuanza jana katika lugha yetu. Mwaka 1958 jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki lilichapisha Wasifu wa Siti Binti Saad, ulioandikwa na Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika jamaa ya watu waliotoka utumwani. Jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa, naye aliuza vyungu kabla ya kuuza sauti. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri za Kiswahili, akawa mwanamke wa kwanza wa pwani hii ambaye sauti yake ilienea kwa njia hiyo. Alifariki Julai 1950. Katika maisha yake alichekwa kwa sura yake, kwa kazi ya wazazi wake na kwa asili yake. Kwa hiyo Shaaban Robert alipomwandikia wasifu mwimbaji, mwanamke, tena mzaliwa wa watumwa, alifanya tendo la haki. Alimpa heshima mtu ambaye jamii ilikuwa imemnyima.

Lakini yafaa tulitazame neno lenyewe. Katika Kiarabu asili ya "wasifu" ni kueleza kitu jinsi kilivyo. Katika Kiswahili neno "sifa," lililotoka katika shina hilo hilo, limebeba maana mbili: hali ya kitu, iwe nzuri au mbaya, na kusifiwa kwa uzuri. Twasema fulani ana sifa mbaya, na twasema fulani apenda sifa. Hivyo kwetu sisi kumweleza mtu na kumsifu ni mambo yanayokaa nyumba moja, na ukuta baina yao ni mwembamba. Kwa Siti ukuta huo haukuwa na hatari kubwa, kwa kuwa taabu zake alitendewa, hakuwatendea wengine. Hatari ilikuja baadaye, watu walipoona ya kuwa kila maelezo ya maisha ya mwimbaji hayana budi kuwa mfano wa wasifu ule, yaani sifa tupu. Dawa iliyofaa kwa mtu aliyedharauliwa ikafanywa kuwa chakula cha kila mtu.

Tena jambo la kuzingatiwa ni kwamba Siti mwenyewe hakuwa na desturi ya kuficha. Katika nyimbo zake iliyo mashuhuri sana ni ile ya Kijiti, iliyotokana na kisa cha kweli cha Unguja. Mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam aliuawa. Kijiti, mtu aliyetajwa kuwa ndiye muuaji, alivuka bahari akakimbilia bara. Na wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi wakapata adhabu wao, kwa sababu ya pombe iliyonunuliwa siku ile. Serikali ya wakati huo ilikuwa na mahakama, polisi na makarani, lakini kumbukumbu iliyobaki vinywani mwa watu ni ya wimbo. Nao wimbo haukuimbwa upande wa mwenye nguvu. Ulimtaja mtenda kwa jina, ukamlilia aliyeuawa, ukalaumu hukumu. Ikiwa taarab ya miaka ya 1920 iliweza kutunza habari ya ubaya pasipo kuutuza, hatuna sababu ya kusema ya kuwa jambo hilo ni gumu kwa filamu za leo zenye vyombo vyote.

Kutokana na hayo tunaweza kuzigawa taabu za waimbaji katika mafungu matatu, kwa kuwa neno "taabu" limekuwa kama kapu linalotiwa dagaa na nyoka pamoja. Liko fungu la taabu alizotendewa mwimbaji. Liko fungu la taabu alizojitendea. Na liko fungu la taabu alizowatendea wengine. Mtu mmoja aweza kuwa katika mafungu yote, lakini mwanahistoria asiyeyatenga atadhulumu.

Katika fungu la kwanza twamkuta Marijani Rajabu, aliyeitwa Jabali la Muziki. Sauti yake, katika Safari Trippers na baadaye katika Dar International, ilikuwa mojawapo ya sauti zilizojulikana sana nchini. Lakini kusikika redioni hakukuwa na maana ya kulipwa, na vyombo vya bendi mara nyingi vilikuwa mali ya mtu mwingine. Katika siku zake za mwisho alitafuta riziki kwa kuuza kanda, akafariki mwaka 1995. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, iliyounda chombo cha COSOTA, ilipitishwa mwaka 1999, naye alikuwa kaburini miaka minne. Ng'ambo ya Tunduma, nchini Zambia, twaona mfano wa pili. Kundi la WITCH lilivuma katika miaka ya 1970 kwa muziki wa gitaa za umeme. Kisha uchumi ukaanguka, maradhi ya UKIMWI yakaja, na karibu wote waliokuwa wa kundi la mwanzo wakafa. Filamu ya mwaka 2019 ilimfuata mwimbaji wao, Emmanuel Jagari Chanda, ambaye alikuwa amegeukia kazi ya kuchimba vito vya thamani. Ni nani awezaye kusema kuwa maisha haya hayastahili kutunzwa kwa sababu yana ufukara ndani yake? Ufukara huo ndio historia yenyewe. Ukiuondoa, umeondoa habari ya redio zetu, ya sheria zetu na ya uchumi wetu.

Katika fungu la pili mfano ulio karibu ni Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka wa Unguja, aliyefariki Aprili 2013. Alivuta sigara na kunywa pombe hadharani katika mji wa Waislamu, wala hakuomba radhi. Na sauti yake na ngoma yake ya unyago zilimpatia tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Filamu ya kwanza juu yake, ya mwaka 2006, haikuyaficha mazoea hayo. Lakini filamu ya pili, ya mwaka 2016, ndiyo inayotufundisha zaidi. Ilifuata habari zilizoenea mwaka 2012 kwamba kikongwe huyo ametekwa nyara, ikazua swali ambalo sigara zilikuwa zimelifunika: je, watu waliomzunguka walikuwa wakimtunza au wakimtumia? Hapo twaona ya kuwa taabu iliyodhaniwa kuwa ya mtu mwenyewe aghalabu ina washiriki. Uingereza nayo ilipata somo hilo kwa Amy Winehouse, aliyekufa kwa pombe Julai 2011 akiwa na miaka 27. Filamu ya mwaka 2015 iliyosimulia maisha yake ilionyesha jinsi wapiga picha walivyomwandama mpaka mlangoni. Watu waliilia filamu hiyo. Lakini ilikuwa na picha za wale wale waliomwandama, na macho yaliyolia yalikuwa yakitazama kwa mara ya pili jambo ambalo halikustahili kutazamwa mara ya kwanza. Kwa hiyo aliye katika fungu hili astahili kutunzwa kwa huruma, na huruma ina mipaka ya macho.

Kabla ya kuingia katika fungu la tatu, lililo zito, yafaa tuone jinsi tuzo za umma zilivyo kitu kisichotulia. Franco Luambo wa Kongo, aliyependwa Tanzania kama alivyopendwa Kinshasa, alitiwa gerezani mwaka 1978 kwa nyimbo ambazo serikali ya Mobutu ilisema ni za matusi. Alipofariki Oktoba 1989, serikali ya Mobutu huyo huyo ilitangaza siku nne za maombolezo ya taifa. Mtu ni yule yule, na nyimbo zile zile. Kilichobadilika ni haja ya watoao tuzo. Ikiwa historia ya mwanamuziki itaandikwa tu wakati anapostahili sifa kwa wakubwa au kwa umati, basi itaandikwa na kufutwa kila msimu kama hesabu ubaoni.

Sasa tufikie kisa ambacho Mtanzania yeyote anayezungumza juu ya jambo hili hawezi kukipita. Nguza Viking, mpiga gitaa kutoka Kongo aliyefahamika katika Orchestra Maquis, ambaye watu walimwita Babu Seya, alikamatwa mwaka 2003 pamoja na wanawe watatu, mmojawapo akiwa mwimbaji Johnson Nguza, au Papii Kocha. Juni 2004 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwahukumu kifungo cha maisha kwa kosa la kuwabaka wasichana wa shule ya msingi. Wao walikana tangu mwanzo. Mahakama Kuu iliitupa rufani yao. Mahakama ya Rufani, mwaka 2010, iliwaachilia wana wawili, ikathibitisha adhabu ya baba na Papii. Tarehe 9 Desemba 2017, katika sherehe za uhuru Dodoma, Rais Magufuli aliwasamehe. Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba baadhi ya haki zao za kusikilizwa kwa usawa zilikuwa zimevunjwa katika kesi ile.

Msomaji na ayatazame mambo haya kwa utulivu. Msamaha wa rais si tamko la kwamba hukumu ilikuwa kosa. Ni huruma ya dola. Nayo Mahakama ya Afrika si mahakama ya rufani ya nchi yetu. Ilipima jinsi kesi ilivyoendeshwa. Hivyo maneno mawili yasimama pamoja, wala hapana moja liwezalo kulifuta jingine: mahakama za nchi zilithibitisha hatia, na mahakama ya bara ikaona kasoro katika njia iliyofuatwa. Mwanahistoria aliye mwaminifu ataandika yote mawili. Lakini umati haukuyaandika yote mawili. Habari ya msamaha ilipotangazwa ilipokewa na wengi kwa shangwe, kwa kuwa sauti za redioni zilizokuwa zimepotea zilikuwa zinarudi. Watetezi wa haki za watoto walipinga, nao walisikika kidogo. Na waliokuwa watoto wa shule mwaka 2003, ambao mwaka 2017 walikuwa watu wazima, hawakuwa na wimbo. Hapakuwa na gitaa lililowakumbusha watu kwamba nao wapo.

Hapo ndipo tofauti ya kutuza na kutunza inapokuwa si mchezo wa maneno. Je, Nguza na mwanawe wastahili filamu? Nasema wastahili, tena filamu ndefu: yenye gitaa la Maquis, yenye nakala za hukumu zote, yenye kukana kwao, yenye kasoro zilizoonwa na Mahakama ya Afrika, na yenye nafasi ya wale wasichana. Nafasi hiyo isiwe ya majina wala nyuso. Kutunza ushahidi si kumwanika mtu, na aliyeumia akiwa mtoto ana haki ya kutojulikana mpaka atakapotaka mwenyewe. Iwe nafasi ya uzito wao katika habari, ili mtazamaji asiweze kutoka akiimba tu. Filamu ya namna hiyo haitamtuza mtu kwa jambo lisilostahili tuzo, wala haitamhukumu mara ya pili. Lakini ikiwa filamu itatengenezwa kwa shangwe tupu, ni heri isitengenezwe. Na ikiwa itatengenezwa kwa laana tupu, itakuwa imeacha kasoro za kesi, na hiyo pia ni dhuluma.

Kwamba filamu si tuzo kwa asili yake, Marekani imetupa ushahidi usiopingika. R. Kelly alikuwa na nyimbo zilizoimbwa hata harusini na makanisani, na kwa miaka mingi maneno ya wasichana waliomshitaki yalizimwa na makofi. Januari 2019 ulionyeshwa mfululizo wa filamu ambamo wanawake hao walisema wenyewe, wakitazama kamera. Katika mwaka huo huo alifunguliwa mashitaka mapya; Septemba 2021 baraza la mahakama la New York lilimkuta na hatia, na mwaka 2022 akahukumiwa kifungo cha miaka 30. Hapo filamu juu ya mwanamuziki haikuwa kilemba cha kumvika kichwani. Ilikuwa baraza walilolikosa walioumia. Ilifanya kazi ile iliyofanywa na wimbo wa Kijiti, ingawa wimbo wa Kijiti haukuweza kumleta mtu kizimbani.

Atakuja mtu na kusema, "Vijana hawatenganishi. Waonyeshe mlevi hodari, nao watachukua ulevi na kuacha uhodari." Hoja hii ina uzito, wala si haki kuidharau. Lakini kijana anayezificha habari za mwalimu wake hakuzizuia. Amezikosa tu mahali pazuri, akazipata mahali pabaya. Habari za waimbaji huenea vijiweni na katika simu bila ya ruhusa ya mtu, zikiwa zimekatwa vipande, na kipande kinachoenea upesi ni kile cha fahari. Kijana wa Mbebe akipewa habari nzima ya Marijani, sauti na umaskini pamoja, atajifunza kuuliza kabla ya kutia sahihi mkataba. Nusu ya habari ndiyo inayopotosha.

Mwingine atasema, "Wafu wasisemwe." Ni adabu njema matangani, na mwenye kuivunja pale hana malezi. Lakini historia si matanga. Mwanahistoria huja baada ya arobaini kupita, na watu wanaomngoja si wafiwa peke yao. Wamo wadai, wamo wapigaji waliosahauliwa, wamo wake walioachwa, wamo waliodhulumiwa. Mwenye kunyamaza mbele ya hao wote kwa ajili ya heshima ya mmoja hakuheshimu wafu, ameheshimu jina.

Hata hivyo hapana budi kukubali upande wa pili wa mizani. Wimbo mzuri haugeuki kuwa mbaya kwa sababu mwimbaji wake amekosa. Gitaa lililopigwa vizuri limepigwa vizuri. Mtu anayejilazimisha kuchukia sauti aliyoipenda, ili aonekane mwema, hujidanganya. Na mtu anayejilazimisha kuukana ushahidi, ili aendelee kuipenda sauti, huwadanganya wengine pia. Jirani wa ngoma alikwisha kutuonyesha njia ya tatu. Anatuza sauti kwa kuwa ni sauti, na anadai mbuzi kwa kuwa ni mbuzi. Alilokuwa nalo yeye, ambalo msikilizaji wa redio hakuwa nalo, si akili zaidi bali ujuzi zaidi. Ujuzi huo ndio wajibu wetu kuutoa.

Kwa hiyo tuzo za umma, yaani nishani, majina ya barabara, na mialiko ya jukwaani, ni haki ya jamii kuzitoa au kuzizuia. Jamii itazame tendo inalolituza, na itazame ni nani atakayeketi uwanjani akiumia wakati wengine wanapiga makofi. Lakini kutunza si zawadi, wala mtu hahitaji kuwa mwema ili astahili kutunzwa. Siti alitunzwa akiwa amedharauliwa. Kijiti alitunzwa akiwa anatuhumiwa kwa damu. Na hatujapata hasara kwa kuwajua wote wawili.

Kazi hiyo ina haraka. Waliomjua Marijani akiuza kanda wanazeeka. Kanda za redio huliwa na unyevu. Na katika kata kama Mbebe, ambako hapakuja kamera, wako wazee wanaokumbuka ni nani aliyeimba katika ngoma zao, alisifiwa kwa nini, na alishitakiwa kwa nini. Mwanafunzi atakayekwenda kuwasikiliza na achukue daftari lenye nafasi ya kutosha kwa mambo yote mawili. Akirudi na sifa peke yake, au na mashitaka peke yake, na arudi tena akaulize nusu iliyobaki.